Masomo Kwanza, Mwalimu Baadaye

Januari 2025 shule za sekondari za umma nchini Kenya zilifunguliwa bila kidato cha kwanza. Hakukuwa na masanduku mapya ya chuma yaliyoandikwa majina kwa rangi nyeupe, hakukuwa na foleni ya wazazi wenye ndoo na magodoro langoni, wala hakukuwa na wageni wa kutaniwa na kidato cha pili. Watoto ambao kwa hesabu ya zamani wangeripoti huko walikuwa wamebaki shule ya msingi, Gredi ya 9, darasa ambalo mwaka uliotangulia nchi haikuwa nalo. Watu wanaoukaribia umri wa miaka sitini hawakushtuka. Walikwisha kuyaona hayo 1985, pale darasa la saba la mwaka uliotangulia lilipovushwa kwenda darasa jipya la nane badala ya kwenda sekondari, na vidato vya kwanza vikakaa vitupu.

Mara mbili ndani ya miaka 40, basi, Kenya imeling'oa darasa zima na kulipanda kwingine. Na kila mara waliohamishwa ni watoto wa rika moja: wale wa miaka 12 hadi 15, ambao si wadogo wa kufundishwa kila kitu na mwalimu mmoja, wala si wakubwa wa kuchagua masomo yao. Tangu enzi za ukoloni wamepitia shule za kati, madarasa ya juu ya msingi, kidato cha kwanza na cha pili chenye mtihani wake, darasa la nane, na sasa sekondari msingi, maarufu kwa jina la JSS. Ukiifuata historia hiyo utaona jambo likijirudia. Orodha ya masomo hutangazwa siku moja, aghalabu kwa mbwembwe. Mwalimu wa kuyafundisha hutafutwa baadaye, na wakati mwingine hapatikani kabisa.

Mabishano kuhusu masomo yalianza kabla ya shule zenyewe kuwa nyingi. Mwaka 1909 Profesa Nelson Fraser aliishauri serikali ya Afrika Mashariki ya Waingereza kwamba Mwafrika afundishwe kazi za mikono. Mwaka 1924 ikaja tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ambayo miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey, msomi mzaliwa wa Gold Coast, Ghana ya leo. Nayo ilisisitiza kilimo, usafi na ufundi wa kijijini. Matokeo yake yalionekana haraka. Mwaka 1925 ilifunguliwa Jeanes School huko Kabete, kuwaandaa walimu wa kuzunguka vijijini wakizisaidia shule ndogo ndogo na kuwaonyesha watu namna ya kuchimba choo au kupanda mboga kwa mistari. Kwa haki yake, huo ulikuwa mmoja wa mipango michache katika historia hii yote ambapo mwalimu alifikiriwa mapema.

Tatizo ni kwamba wazazi hawakutaka hayo. Walikwisha kumwona karani akilipwa kuliko seremala, na walijua kilichomfikisha karani pale: Kiingereza na hesabu. Jembe walikuwa nalo nyumbani. Mzozo wa kanisa na desturi katika nchi ya Wagĩkũyũ mwaka 1929 ulipowafanya wengi wazihame shule za misheni, miaka ya 1930 wakaanzisha zao wenyewe, chini ya vyama vya shule huru vya KISA na Karing'a, na mojawapo ya mvuto wake ilikuwa kwamba Kiingereza kingefundishwa mapema. Mara upungufu ukajitokeza, maana shule zilikuwapo ila walimu hawakuwapo. Jibu lao lilikuwa chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichoanzishwa 1939 chini ya Peter Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani. Wakulima walichanga, wakajenga chuo cha kuwazalishia walimu. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ilizifunga shule hizo pamoja na chuo chenyewe.

Wakati huo serikali ilikuwa imekwisha kuchora ramani yake. Kamati iliyoongozwa na kasisi Leonard Beecher mwaka 1949 iliigawa elimu ya Mwafrika mafungu matatu ya miaka minne minne: msingi, shule ya kati, na sekondari. Kati ya kila fungu na jingine pakawekwa mchujo. Darasa la nne lilikuwa na mtihani wake, la nane likawa na mtihani wa KAPE. Wengi walianguka kwenye mchujo wa kwanza wakiwa hawajafikisha hata miaka kumi na miwili, wakarudi nyumbani wakijua kusoma kidogo na kuhesabu kidogo. Waafrika walilalamika kwamba mpango huu umetengenezwa ili wachache tu wapite, na kwa kuutazama leo ni vigumu kuwapinga.

Shule ya kati ilikuwa na ratiba iliyojaa. Asubuhi Kiingereza, hesabu na dini. Halafu historia na jiografia. Kisha shamba la shule na kazi za mikono. Lakini masomo hayo hayakuwa sawa. Hayati Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Limuru na kuufanya mtihani wa KAPE mwaka 1954, alieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind kisa cha mwanafunzi mwenzake aliyepata alama za juu kabisa katika kila somo isipokuwa Kiingereza, ambacho alianguka. Basi akahesabiwa kuwa ameanguka mtihani mzima. Kijana huyo aliishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye alama zake nyingine zilikuwa za kawaida ila Kiingereza alikifanya vizuri, alipata nafasi katika shule ya sekondari ya Alliance. Kitabuni humo anaeleza pia namna Kiingereza kilivyolindwa: mtoto aliyenaswa akisema Gĩkũyũ alikabidhiwa kidude, naye akakipitisha kwa mwingine atakayemnasa, hadi jioni mwalimu anapoita na msururu mzima wa wakosaji kujulikana. Kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza ndiye aliyeshika ufunguo wa mlango. Wa kilimo alishika jembe tu.

Uhuru ulikuja na Tume ya Ominde. Simeon Ominde alikuwa mwanajiografia, na tume yake, iliyoundwa Desemba 1963, ilipewa kazi ya kuunganisha vitu vilivyokuwa vimetenganishwa kwa makusudi, yaani shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja na bajeti yake na walimu wake. Shule ya kati ikavunjwa. Msingi ukawa wa miaka saba, ukifuatwa na sekondari ya miaka minne na miwili ya juu. Mwishoni mwa darasa la saba mtoto alifanya mtihani wa CPE wenye karatasi tatu tu: Kiingereza, hisabati, na karatasi ya mchanganyiko iliyobeba historia, jiografia na sayansi. Ominde alikuwa amependekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi. Kikawa la lazima kwenye ripoti. Kwenye mtihani hakikuwamo, na kila aliyewahi kushika chaki anajua somo lisilotahiniwa hufanywa nini Novemba inapokaribia. Kipindi chake huliwa na hisabati. Kwa karibu miaka ishirini lugha ya taifa ilifundishwa mahali ilipopendwa na kusahauliwa kwingineko.

Upande wa walimu, huo ndio uliokuwa wakati wa mageuzi makubwa. Walikuwa wamekwisha kuunda chama chao, KNUT, mwaka 1957, wakati ambapo mwajiri alikuwa misheni huku, bodi ya wilaya kule, na mshahara ulitegemea umeangukia kwa nani. Mwaka 1967 Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ilianza kazi, na mwalimu wa Wajir akapata mwajiri mmoja na mwalimu wa Kisumu. Hata hivyo 1969 waligoma. Walipangwa kwa madaraja yaliyotokana na walivyosoma: P3 aliyeishia shule ya msingi, P2 aliyefika kidato cha pili, P1 aliyemaliza cha nne. Mzazi wa miaka ya 1970 alimjua mwalimu wa P1 kama anavyomjua daktari.

Nani, basi, alimfundisha mtoto wa miaka 14 aliyefaulu CPE na kukosa nafasi ya serikali? Jibu ni shule za harambee. Kijiji kilichanga kuku, mahindi na shilingi, kikajenga madarasa mawili na kutundika ubao wa jina. Katikati ya miaka ya 1970 shule hizo zilizipita kwa idadi zile za serikali. Serikali ilizipongeza, lakini kuzipelekea walimu lilikuwa jambo jingine. Mara nyingi aliyesimama mbele ya kidato cha pili alikuwa kijana aliyemaliza cha nne juzi, hajapitia chuo chochote, akisubiri barua yake ya kazi au ya masomo. Maabara haikuwapo, kwa hiyo fizikia na kemia zilikosekana au zikafundishwa kwa kuchorwa ubaoni: mwalimu anachora chupa, anachora moto, anaandika rangi itakayotokea, darasa linanakili.

Hapo ndipo mtihani wa KJSE ulipopata umaarufu wake. Ulifanywa kidato cha pili, na kwa mwanafunzi wa harambee ulikuwa njia ya kuchopoka: akipata alama nzuri, angeweza kuingia kidato cha tatu cha shule ya serikali. Cheti chake kilifungua pia milango ya kazi na ya vyuo. Wako wastaafu wengi waliojengea maisha yao kwenye cheti hicho cha kidato cha pili, na hawaoni aibu kusema hivyo. Mwaka 1976 kamati ya Gachathi ilipendekeza miaka saba ya msingi iunganishwe na miwili ya kwanza ya sekondari, elimu ya kimsingi ifike miaka tisa. Ripoti ikapigwa mhuri na kuwekwa. Gredi ya 9 ya leo inafanana sana na wazo hilo, ila kuna karibu nusu karne katikati.

Badala yake ikaja 8-4-4: miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Rais Daniel arap Moi, aliyeuleta mfumo huo, alikuwa mwalimu kabla ya kuingia siasa mwaka 1955. Alifundisha Kabarnet na Tambach. Tume ya Mkanada Colin Mackay, iliyoripoti 1981, ilikuwa imetumwa kuangalia chuo kikuu cha pili, na ikatoka na mfumo mzima mpya. Januari 1985 mfumo ukaanza, na shabaha yake ingemfurahisha Profesa Fraser wa 1909: mtoto atoke shuleni akiwa na kitu cha kufanya kwa mikono. Sasa darasa la nane likawa na hisabati, Kiingereza, Kiswahili, sayansi na kilimo, jiografia na historia na uraia, dini, sanaa na ufundi, sayansi kimu, biashara, muziki.

Wazazi walitakiwa kujenga karakana na vyumba vya sayansi kimu, wakajenga kwa harambee, wengine hadi usawa wa madirisha pesa zikaisha. Watoto walifinyanga udongo, wakasuka mikeka, wakashona vitambaa, wakaleta unga na mafuta kutoka nyumbani kwa somo la mapishi. Mengi ya hayo yalikuwa mazuri, na waliopitia wanayakumbuka kwa kicheko. Lakini mwalimu alikuwa yule yule. P1 aliyeandaliwa kwa ajili ya mtihani wa karatasi tatu aliamka siku moja akitakiwa kufundisha ushonaji, useremala, noti za muziki na daftari la mapato na matumizi. Baadhi walijifunza kwa wake na waume zao, au kwa fundi wa sokoni. Baadhi walisoma kitabu ukurasa mmoja mbele ya darasa. Na mtihani wa masomo hayo ya mikono ulikuwa wa kuchagua A, B, C au D kwa penseli, hivyo mtoto aliweza kupata alama nzuri za useremala bila kugusa msumeno.

Kitu kimoja ambacho 8-4-4 haikukikosea ni Kiswahili. Mtihani wa KCPE wa 1985 ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima, kukiwa na karatasi ya lugha na insha, na ghafla kila shule ilitaka mwalimu wa Kiswahili, vyuo vikaanza kumwandaa, wachapishaji wakamwandikia vitabu. Watahiniwa wa Turkana na wa Lamu wakakutana kwenye insha moja. Vijana wa Nairobi walioanza kuandika magazetini, redioni na kwenye riwaya kuanzia miaka ya 1990 ni mazao ya uamuzi huo.

Masomo mengine hayakubahatika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaala ulipunguzwa, KCPE ikabaki na karatasi tano, alama za juu zikashuka kutoka 700 hadi 500. Sanaa na ufundi, sayansi kimu na biashara zikaondolewa kwenye mtihani, na pamoja nazo vyumba vilivyojengwa kwa kuku na mahindi ya wazazi vikageuzwa stoo au darasa la ziada. Darasa la ziada lilihitajika kweli, kwa kuwa Januari 2003 elimu ya msingi ilifanywa ya bure na zaidi ya watoto milioni moja wakaongezeka katika mwaka mmoja.

Kisha ukaja mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza nchi nzima 2019 kwa madarasa ya chini. Wazazi waliucheka na kuulalamikia: usiku wa manane wakitengeneza vikaragosi vya maboksi kwa kazi iliyotolewa kwa mtoto. Serikali ilipanga kwamba Gredi ya 7, 8 na 9 zingekaa sekondari, na Waziri wa Elimu George Magoha alizunguka nchi akikagua ujenzi wa maelfu ya madarasa huko. Uchaguzi wa 2022 ukapita, Rais mpya akaunda jopo chini ya Profesa Raphael Munavu, na Desemba mwaka huo jopo likasema watoto hao wabaki shule za msingi. Sababu ilikuwa ya busara: mtoto wa miaka 12 ni mdogo kwa bweni, na shule ya msingi iko karibu na kwao. Lakini tangazo lilitolewa wiki chache tu kabla ya muhula. Madarasa mapya yalikuwa sekondari. Watoto zaidi ya milioni 1.2 walikuwa msingi.

Orodha ya masomo ilikuwa tayari kitambo. Kumi na mawili ya lazima, na mengine ya kuchagua juu yake.

Tufanye hesabu, kwa kuwa hapa ndipo kiini kilipo. Ratiba ya sekondari msingi ina vipindi 40 kwa wiki. Mwalimu wa sekondari kwa kawaida hubeba vipindi 27 au karibu na hapo. Shule yenye mkondo mmoja tu wa Gredi ya 7 ilihitaji, kwa uchache, mwalimu mmoja na nusu. Zilipofika gredi tatu, vipindi vikawa 120, na walimu wanne hawatoshi. Hiyo ni hesabu ya vichwa peke yake. Mwalimu wa Kenya mwenye shahada ya ualimu huandaliwa kufundisha masomo mawili. Shule za vijijini nyingi zilianza 2023 zikiwa na mwalimu mmoja au wawili, hivyo aliyesomea Kiswahili na historia alijikuta akifundisha sayansi jumuishi, hisabati na kilimo, katika shule ambayo haikuwahi kuwa na maabara. Watoto wake hawakujua tofauti. Yeye alijua.

Mwaka 2024 masomo yakapunguzwa hadi tisa: Kiingereza, Kiswahili au lugha ya ishara, hisabati, dini, masomo ya kijamii, sayansi jumuishi, masomo ya awali ya kiufundi, kilimo na lishe, sanaa bunifu na michezo. Elimu ya afya ilimezwa na sayansi. Biashara na kompyuta zikaingizwa kwenye ufundi. Sayansi kimu ikahamia kwa kilimo. Karatasini hilo ni punguzo. Kwa mwalimu wa somo la ufundi, ambaye sasa anafundisha kuchora ramani, kutumia kompyuta na kupanga bei ya bidhaa ndani ya kipindi kimoja, ni nyongeza.

Tena wengi wa walimu hao hawakuwa wameajiriwa kwa kudumu. TSC iliwachukua kama wanagenzi, kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, watu wenye shahada na waliokwisha kusajiliwa kuwa walimu. Kwa jumla wanagenzi walifika takriban 46,000, wengi wao wa sekondari msingi. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba haikuwa halali kuwaajiri kwa utaratibu huo walimu waliofuzu. Muhula wa pili ulipofunguliwa Mei, waligoma, na kwa wiki kadhaa Gredi ya 7 na ya 8 zilikaa bila masomo.

Ndani ya ofisi za walimu palikuwa na mgogoro wa aina nyingine, usioandikwa sana. Mwalimu wa JSS mwenye shahada alijikuta chini ya mwalimu mkuu ambaye pengine alianza kazi na cheti cha P1. Wa kwanza alimwona mkuu kama asiyejua sekondari. Mkuu alimwona kijana kama asiyejua watoto, na wote wawili hawakukosea kabisa. Vyama navyo vilivutana: KNUT ilisema shule ni ya msingi na walimu ni wake, KUPPET, chama cha walimu wa sekondari, ikasema ni sekondari. Walimu wenyewe walidai kujitawala, wawe na wakuu wao na akaunti yao ya fedha.

Mwishoni mwa 2025 kundi la kwanza lilifanya mtihani wa KJSEA, zaidi ya watahiniwa milioni 1.1, na Januari 2026 likaingia Gredi ya 10. Matokeo ya mtihani huo yanabeba asilimia 60 ya alama ya kumpeleka mtoto sekondari ya juu. Zinazobaki zinatoka kwenye tathmini ya Gredi ya 6 na kazi alizofanya darasani. Kundi hilo lilisoma sekondari msingi kwa miaka mitatu. Katika miwili ya kwanza walimu wake wengi walikuwa vibarua wa shilingi 20,000. Barua za ajira ya kudumu ziliwafikia mwanzoni mwa 2025, watoto wakiwa wamebakiza mwaka mmoja.